Samaki wangu wanakufa, tatizo nini? Mwongozo wa maswali yanayorudi kila wiki kwa wafugaji wa samaki wa mapambo

"Wakuu habari za asubuhi. Naombeni msaada, nimeamka nimekuta samaki wawili wamekufa na mmoja anahema juu juu. Maji masafi kabisa. Tatizo nini?"

Kama umo kwenye kundi lolote la wafugaji wa samaki wa mapambo, liwe la Dar, la Nairobi au la ndugu zetu walioko Muscat, ujumbe huu unaujua. Huja na picha ya tangi lenye taa ya bluu, changarawe za rangi na kasri la plastiki. Dakika tano baadaye majibu yameshamiminika: weka chumvi, badilisha maji yote, uliwalisha nini, dawa ninayo nicheki pembeni. Wiki inayofuata anaingia mwingine na maneno yale yale, na wakongwe wanaanza kununa.

Nimejibu maswali haya kwa miaka kadhaa, na nilichokiona ni kwamba hayaji ovyo. Kila swali lina siku yake, ukihesabu tangu tangi litiwe maji. Maji kuwa meupe kama yametiwa maziwa huulizwa siku ya tatu. Vifo huulizwa kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Ukijani wa mwani huja mwezi wa pili. "Mkubwa amemla mdogo" huja mwezi wa sita. Kwa hiyo kabla ya kumtajia mtu dawa, muulize: tangi lako lina siku ngapi tangu litiwe maji? Mwongozo huu unafuata kalenda hiyo.

Kabla hujauliza

Ujumbe wa "samaki wanakufa, nifanyeje" haujibiki. Mwenye kujibu anabahatisha tu, na wabahatishaji kumi wanatoa majibu kumi. Andika hivi: ukubwa wa tangi kwa lita, umri wake, maji unayatoa wapi, una samaki gani na wangapi, mara ya mwisho ulibadilisha maji lini na kiasi gani, na kipi kipya kimeingia wiki hii (samaki, mmea, dawa, chakula). Kama una vipimo, weka namba. "Vipo sawa" haimsaidii mtu.

Lita ni hesabu ya darasa la tano: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 45 hadi 48, na hayo ndiyo ya kupimia dawa.

Swali zuri linasomeka hivi: "Tangi lita 54, lina siku 12. Maji ya kisima. Gapi sita, samaki wa dhahabu wawili. Sijabadilisha maji tangu nianze. Leo wamekufa gapi wawili, wengine wako juu." Anayejua akilisoma hili hahitaji hata picha. Na ukitaka kutuma picha, tuma ya tangi zima, si ya maiti.

Tangi na maji: maamuzi ya siku ya kwanza

Anayeanza hutaka bakuli au tangi dogo, akiamini dogo ni rahisi kutunza. Ni kinyume. Sumu ya kinyesi cha samaki mmoja kwenye lita 5 ni kali mara kumi kuliko kwenye lita 50, na joto la maji machache hupanda na kushuka kama la sufuria. Anza na lita 50 au zaidi. Liweke kwenye meza imara, maana lita 54 zikijumlishwa na kioo na mawe ni zaidi ya kilo 60, tena mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, na ukiweka pampu ya hewa ndani ni bora zaidi. Lakini zipo mamlaka za maji zinazotumia kloramini badala ya klorini, na hiyo haiondoki kwa kuachwa wazi. Hapo utahitaji dawa ya kuondoa klorini, ambayo kwa kawaida ni sodiamu thiosalfeti. Chupa ndogo inakaa muda mrefu, kwa hiyo nunua hata kama huna uhakika.

Maji ya kisima, au ya boza lililojaza kisimani, hayana shida ya klorini, ila yana zake. Visima vingi vya Dar vina maji magumu (yenye madini mengi) au ya chumvichumvi. Gapi na moli wanayapenda hayo. Samaki wa mito ya Amazoni hawayapendi. Maji ya mvua nayo ni laini mno, pH yake (kipimo cha uasidi wa maji) huyumba, kwa hiyo changanya na ya kisima. Maji ya chupa? Kila mwezi kuna anayeuliza. Hapana, unachoma fedha.

Kuna kitu hunichekesha hapa. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na samaki wake wa mapambo wamekuwa wakisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na leo kuna spishi yenye jina lake. Mjerumani anayewafuga hununua unga wa madini ili maji yake yafanane na ya Kigoma, wakati huku kwetu mtu mwenye kisima kigumu anauliza atayalainishaje ili afuge samaki wa Brazili. Fuga samaki anayeyapenda maji uliyonayo. Utapunguza nusu ya maswali.

Wiki nne bila samaki

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, nami nikiwemo. Tangi langu la kwanza nilinunua Jumamosi pamoja na samaki kumi na wawili, muuzaji akaniambia "wewe weka tu, mkuu". Ijumaa nilikuwa nimebaki na watatu, na maji yalikuwa yanang'aa kama ya kunywa.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki hutaisikia harufu. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria linaila amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaila nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wanaishi wameganda kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye vioo. Tangi jipya halinao, na huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Unachofanya katika wiki hizo ni kuwalisha wao kwanza, kabla ya samaki:

1. Jaza maji yasiyo na klorini, washa filta na pampu ya hewa, usizime usiku wala mchana.

2. Chukua kamba mbichi mmoja wa ukubwa wa kidole gumba, mfunge kwenye kipande cha soksi ya nailoni, mzamishe. Ataoza na kutoa amonia. Patanuka kidogo, waambie wa nyumbani mapema. Amonia ikifika miligramu 2 hadi 4 kwa lita, mtoe. Usiyemudu harufu, tia chembe za chakula cha samaki kila siku kana kwamba wapo.

3. Siku ya pili au ya tatu maji yatakuwa meupe. Usibadilishe, usitie dawa ya kung'arisha. Ni bakteria wa aina nyingine wanaochangamkia uozo, na weupe huisha wenyewe ndani ya siku chache.

4. Pima kila baada ya siku mbili tatu. Amonia itapanda, kisha itaanza kushuka huku nitriti ikipanda. Nitriti hukawia kushuka, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Endelea kutia chakula kidogo kidogo ili bakteria wasife njaa.

5. Siku ambayo utatia chakula leo, kesho ukapima ukakuta amonia sifuri, nitriti sifuri na nitrati ipo, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji, leta samaki wachache.

Ipo njia ya mkato ya halali. Omba sponji chafu ya filta kutoka kwa mtu mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa. Ibebe ikiwa imelowa, ifike kwako ndani ya saa chache, iweke kwenye filta yako. Hiyo tope ya kahawia unayotaka kuiosha ndiyo mali yenyewe. Watu hujibiwa kwa kurasa nzima za nadharia wakati jirani yao wa mtaa wa pili ana sponji.

Huna vipimo? Peleka maji kwenye chupa safi kwa mwenzako mwenye navyo, au changeni watatu mnunue seti moja ya vipimo vya matone. Ya matone ni sahihi kuliko vile vikaratasi.

Umeshaweka samaki na wameanza kufa

Sasa hivi badilisha nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini yenye joto linalolingana. Usibadilishe yote. Kesho toa thuluthi nyingine, na keshokutwa hivyo hivyo. Usilishe siku mbili. Ongeza hewa. Usitie dawa ya ugonjwa wowote, kwa sababu hakuna mgonjwa, kuna waliolishwa sumu.

Samaki anayehema juu na matamvua yake yamegeuka rangi ya kahawia huenda amezidiwa na nitriti. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, kwa hiyo anakosa pumzi hata pampu ikiwa inachemsha maji. Chumvi inasaidia hapo, kwa kuwa kloridi yake inaizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Gramu 1 kwa kila lita 10 inatosha. Ndiyo maana yule anayejibu kila kitu kwa "weka chumvi" wakati mwingine anapatia, ila hajui amepatia wapi.

Na mabishano yasiyokwisha ya "mbona mimi sikusubiri wiki nne na wangu wazima?" yana maelezo. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8, inafika kama asilimia 5. Watu wawili wanaweza kuwa na kipimo kile kile, mmoja akapona na mwingine akazika wote. Kila mmoja anasimulia alichokiona kwenye maji yake, na hakuna mwongo.

"Nimesafisha vizuri, kesho yake wamekufa"

Huyu ametoa samaki kwenye beseni, amemwaga maji yote, amesugua vioo, amechemsha changarawe na kuosha filta kwa sabuni ya unga. Amewaua bakteria wote. Tangi lake la miezi minne limerudi kuwa la siku moja, na samaki wamo ndani.

Usafi wa wiki ni huu: zima umeme wa vifaa kwanza, kila mara. Toa robo ya maji kwa mpira, ukiunyonya uchafu kwenye changarawe. Maji hayo yakiwa kwenye ndoo, chovya humo sponji ya filta, ikamue mara mbili tatu, irudishe hata kama bado ina rangi. Usiioshe bombani. Jaza maji yaliyolala. Sabuni isiguse chochote. Maji machafu mwagia mchicha au maua, yana mbolea.

Ukijani

Ni mwanga mwingi na chakula kingi. Taa isizidi saa 6 hadi 8 kwa siku, tangi liondoke dirishani, chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Basi. Na usikimbilie kununua samaki wa kunyonya vioo, nitakwambia sababu.

Madoa meupe kama chembe za chumvi

Hili ndilo swali ambalo dawa inafaa kweli, lakini watu huikatiza. Kila doa ni kidudu kilichojichimbia kwenye ngozi, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikikomaa hudondoka chini, hujigawa kuwa mamia, na hao wapya huogelea kutafuta samaki. Ni wakati huo wa kuogelea tu ndipo chumvi au dawa huwaua. Sasa mtu anatia dawa Jumatatu, Alhamisi madoa hayapo, anaandika "asanteni wakuu wamepona" na anaacha. Wiki inayofuata anarudi analia, madoa ni mara tano.

Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29 au 30 ili mzunguko uende haraka, na ongeza hewa kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Chumvi gramu 2 kwa lita, iyeyushe pembeni, igawe kwa siku mbili. Kwa lita 48 ni kama gramu 100. Kwa samaki wasio na magamba anza na nusu. Mimea laini itakufa, itoe. Endelea wiki mbili kamili hata kama madoa yameisha siku ya nne. Maji yakipungua kwa kukauka, jaza maji matupu, maana chumvi haiondoki na mvuke. Ukibadilisha maji, rudishia chumvi ya kiasi ulichotoa tu.

Umeme, baridi, safari

Umeme ukikatika, usilishe. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya nusu saa, au nunua pampu ya hewa ya betri. Filta ya kopo lililofungwa ikizimika saa nyingi, bakteria hukosa hewa na kuoza. Ifungue uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena, vinginevyo inatapika uozo wote ndani.

Hita: Dar na Mombasa hutaihitaji, labda kwa kutibu. Nairobi, Arusha na Njombe usiku wa Julai utaihitaji. Wati 1 kwa lita inatosha.

Unasafiri wiki moja? Samaki wazima wakubwa hawahitaji mlishaji. Aliyeachwa na njaa siku saba utamkuta. Aliyelishwa na mtoto wa jirani mkebe mzima kwa siku moja hutamkuta.

Mwezi wa sita: amekuwa mkubwa

Yule mnyonya vioo aliyeuzwa akiwa na sentimita 5 kama "fagio la tangi" hufika sentimita 30 na zaidi, na kinyesi chake peke yake kinaweza kuchafua lita 54. Samaki wa dhahabu wa kawaida naye anaweza kufika hapo na kuishi zaidi ya miaka kumi. Gapi jike mmoja uliyemnunua peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa bila dume nyumbani, kwa sababu huhifadhi kwa miezi mbegu za dume aliyekutana naye kabla. Uliza ukubwa wa utu uzima kabla ya bei.

Kama umeshafika hapo, usimpeleke mtoni wala ziwani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, walipotea katika miongo iliyofuata. Mnyonya vioo naye ameshavamia mito ya nchi nyingi kwa kuachiliwa hivi hivi. Mrudishe dukani hata bure, au mtangaze kundini, huwa hakosi mwenye tangi kubwa au bwawa la ua.

Kwa safari mfungashe hivi: siku moja ya njaa, mifuko miwili ya nailoni imara iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine, thuluthi moja maji ya tangi lake, thuluthi mbili hewa. Zungushia gazeti ili kuwe giza na atulie. Akifika, mfuko uelee kwenye tangi jipya dakika 20, kisha kikombe cha maji ya humo kila dakika tano kwa nusu saa. Mtoe kwa kijiwavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje.